Tezi Inayonikimbiza

Jumatatu, 8 Januari 2024

Mapigo 118.

Dokta Umurerwa amenipa daftari hili niandike namba moja tu kila asubuhi. Kabla ya kushuka kitandani, vidole viwili juu ya mshipa wa mkono, dakika nzima kwa saa ya simu. Basi. Lakini ukurasa ni mkubwa na namba ni ndogo, na mimi siku hizi siwezi kuona nafasi wazi nikaiacha. Nimeshafagia nyumba mara mbili. Nimefua mapazia niliyoyafua Ijumaa. Na bado ni saa moja asubuhi.

Naandika Kiswahili. Kinyarwanda nilikijua vizuri nikiwa mtu mzima, baada ya kurudi kutoka Bukavu. Nakisema kutwa, lakini mawazo yangu hayakai ndani yake. Na Damascène, mume wangu, Kiswahili anakisema tu, kukisoma kunamchosha. Hiyo nayo ni sababu.

Majibu ya damu yalitoka Kigali wiki iliyopita. Ile inayoitwa TSH karibu sifuri. Ile nyingine, T4, zaidi ya mara mbili ya inavyotakiwa. Dokta alinichorea shingo kwenye karatasi, na mbele yake tezi, kama kipepeo. Akasema tezi yangu inafanya kazi bila kupumzika na mwili wote unalazimika kuifuata: moyo, tumbo, mikono, usingizi, hata siku zangu za mwezi. Kwenye kituo cha afya nilipoanzia walikuwa wamenipa dawa ya minyoo.

Nikamwuliza: na zile mimba mbili zilizotoka?

Alifikiri kwanza. "Inawezekana kabisa. Kuapa siwezi."

Ya kwanza 2021, miezi mitatu. Ya pili 2022, wiki kumi. Miaka hii yote nilidhani ni mimi, kumbe ni kitu cha ukubwa wa kidole gumba. Sijui kama hiyo inanifariji.

Halafu akasema lile lingine. Miezi sita, pengine zaidi, nisishike mimba. Damu itulie kwanza. Tena hata dawa yenyewe si nzuri kwa mtoto wa wiki za mwanzo. Akanipa mfuko wa kondomu. Nina miaka thelathini na sita. Nikaitikia kwa kichwa kama mtoto wa shule.

Jumatano, 10 Januari

121.

Kibanda changu kiko karibu na mpaka wa Congo, pale Rusizi II. Picha za vibali, picha za pasipoti, dakika kumi unaondoka nazo. Wananiita Maman Photo. Mwanamke wa umri wangu huitwa kwa jina la mtoto wake. Mimi naitwa kwa kazi.

Leo mama mmoja muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, amenirudishia picha. "Maman Photo, angalia. Huyu haiko mimi. Huyu ni muntu anatetemeka." Nikapiga tena, ikatoka vilevile. Mara ya tatu nikaweka kamera juu ya miguu yake mitatu, nikabana pumzi. Aliyetetemeka si yeye.

Alipoondoka nilifungua kompyuta. Huwa najipiga mwenyewe ninapojaribu taa, kwa hiyo nimo humo mwaka hadi mwaka. Nikapanga sura nne pamoja. 2020: mashavu. 2022: shingo imejaa kidogo hapa mbele, nilidhani nimenenepa. Juni mwaka jana: macho yameanza kutoka. Desemba: macho ya mtu aliyeona ajali. Kazi yangu ni kuangalia nyuso za watu, na huu sikuuona.

Watu wote mpakani walivaa sweta, mvua haikukatika. Mimi jasho mgongoni.

Jumapili, 14 Januari

115.

Damascène alikuja jana jioni kutoka Bugarama. Anapima mpunga kwenye ghala la wakulima huko, uzito na unyevu, analala hukohuko siku za kazi, Jumamosi anarudi. Ni mtu wa taratibu. Anakunja soksi.

Nilimwambia kuhusu tezi. Nikamwonyesha vidonge, vile vya tezi na vile vya kutuliza moyo. Alisoma karatasi ya ndani ya boksi mpaka nikaogopa, kumbe alikuwa anatafuta kama vinaliwa kabla au baada ya chakula. Akauliza: na kwa mambo ya mtoto, dokta anasemaje?

Nikasema hajasema kitu.

Imetoka hivyo, mdomoni, bila kuitafuta. Halafu leo misani alipiga magoti muda mrefu kuliko watu wote na mimi nikawa nahesabu vigae vya ukutani.

Kwa nini sikusema? Si kwamba angekataa. Angekubali. Angesema sawa, tungoje. Miezi sita ingekuwa mwaka, mwaka ungekuwa miwili, na yeye angeendelea kukunja soksi bila kulalamika, huku mama yake kule Nzahaha akituma maharage kila mwezi, na pamoja nayo swali lilelile la mtoto. Hilo ndilo siwezi. Nimechoka kungojewa.

Mfuko wa kondomu nimeuficha kwenye sanduku la karatasi za picha.

Alhamisi, 25 Januari

104.

Wanawake wawili kwenye foleni ya mpaka, nyuma ya ukuta wangu wa mbao. Mmoja anasema Maman Photo amekonda, ni ule ugonjwa, mumewe naye anakaa mbali wiki nzima, unategemea nini. Mwingine anasema hapana, amerogwa Congo. Walipoingia kupigwa picha niliwaambia wainue kidevu. Walipendeza. Nimewapa zilizo bora.

Jumamosi, 10 Februari

92!

Nimelala mpaka saa kumi na mbili. Nimekula nikashiba, nikakaa kwenye kiti na mgongo ukaegemea. Nilikuwa nimesahau kwamba kiti kina mahali pa kuegemea. Jana nilipiga picha ishirini na saba kwa mkono mtupu, hakuna hata moja iliyorudi.

Damascène aliwahi leo. Mvua ilimkuta njiani akaingia ameloa, nikamcheka, naye akasimama mlangoni ananiangalia tu. "Ni miezi mingapi sijakusikia unacheka?" Tukapika sambaza na nyanya. Akaniambia habari ya mkulima aliyejaza magunia mpunga mbichi, akaweka mkavu juu, akidhani kifaa cha unyevu kinapima juu tu.

Mfuko umebaki kwenye sanduku la karatasi za picha. Sikuusahau. Naandika hivyo kwa sababu humu sina wa kumdanganya.

Jumatatu, 26 Februari

88.

Kwa dokta. T4 imeshuka, bado iko juu kidogo. TSH bado sifuri. Anasema hiyo huchelewa kuamka, nisihangaike. Amenipima uzito, nimerudisha kilo tatu. Amefurahi kwa namna yake, yaani ameandika haraka. Akauliza bila kuinua kichwa kama tunajikinga.

"Ndiyo, Dokta."

Akaandika na hiyo.

Jumatano, 13 Machi

84. Lakini si hilo.

Siku zangu zimechelewa. Zimekuwa zikichelewa tangu mwaka juzi, ndiyo tabia ya ugonjwa huu, kwa hiyo nilijiambia ni ugonjwa. Leo harufu ya wino wa printa imenitoa nje mbio. Nikanunua kipimo, si kwenye famasi ya jirani, nimekwenda mpaka Kamembe sokoni, kwa mtu asiyenijua.

Mistari miwili. Nikangoja kidogo nikidhani mmoja utafutika.

Nimekaa chini kwenye saruji ya choo nikacheka, nikalia. Halafu nikawa nashika tumbo kwa mkono mmoja na shingo kwa mkono mwingine, sijui ninamzuia nani asimsikie mwenzake.

Alhamisi, 14 Machi

Sikupima.

Nimesoma karatasi ya ndani ya boksi, ile aliyoisoma Damascène. Kifaransa, herufi ndogo za kutesa macho. Neno mimba limo mara sita. Kasoro za ngozi ya kichwa, kasoro za tumbo, kasoro za pua. Leo sijameza. Sitameza tena. Nimefunga boksi kwa gundi ya karatasi ili mkono usijisahau.

Ningempigia dokta. Lakini dokta ana daftari lake, na ndani yake ameandika "ndiyo" yangu.

Jumapili, 17 Machi

98.

Nilitaka kungoja. Nilijiapia. Lakini jana nilimwaga chai, Damascène akauliza una nini, nikamwambia. Nusu yake tu. Nina mimba.

Alitoka nje, nikasikia anapiga simu kwa mama yake. Anaongea Kinyarwanda kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Aliporudi alikuwa ameosha uso. Amenikataza kubeba maji. Amenikataza kukaa karibu na printa. Anauliza vidonge vinaruhusiwa? Nikasema dokta amenipumzisha.

Sasa ni uongo wa tatu. Wa kwanza ulikuwa mdogo, nakumbuka.

Jumanne, 19 Machi

112. Mikono imeanza tena. Nimefunga kibanda saa sita mchana, nikatembea mpaka bandarini na kurudi bila kazi yoyote. Miguu tu inataka.

Jumatano, 20 Machi

126.

Mama mkwe wangu, Védastine, ameshuka kutoka Nzahaha na mkungu wa ndizi kichwani, miaka sabini hiyo. Hakukaa kitako. Aliniangalia ninavyommiminia maziwa, nusu kikombeni, nusu mezani.

"Dawa unakunywa?" Tunaongea Kinyarwanda, naandika nilivyoelewa.

"Nimeacha, Mama. Kwa ajili ya mtoto."

Nilitegemea atafurahi. Ni yeye aliyesema mwaka ule wa mimba ya pili kwamba vidonge vya hospitali vinaunguza tumbo. Akaenda akafunga mlango. Akafungua kitambaa cha shingoni.

Nimeolewa miaka tisa. Sijawahi kuona shingo ya mama huyu. Jua liwake, apike, alale kwetu, kitambaa kiko pale, nilidhani ni heshima ya wazee. Chini yake kuna uvimbe wa ukubwa wa embe, umeteremkia upande mmoja. Umwingo, akasema. Akachukua mkono wangu, ule unaotetemeka, akauweka hapo. Ulikuwa laini na wa moto.

Akasema zamani kule mlimani wengi walikuwa nao. Watu walisema mwanamke mwenye umwingo amemeza watoto wa wenzake. Kabla ya Damascène alipoteza wanne. Baada yake hakupata tena. Wangu ulikuwa wa kunilaza, akasema, nilikuwa nasinzia na jembe mkononi. Wako unakukimbiza. Lakini ni ndugu hao.

"Nilisema dawa zinaunguza kwa sababu niliona shingo yako inajaa, sikutaka uende hospitali wakaikate. Niliogopa kisu tu. Mimi hakuna aliyenipa kidonge ili nikiache. Kesho unaenda."

Akafunga kitambaa chake, akanywa ile nusu ya maziwa.

Alhamisi, 21 Machi

131.

Nilimwambia Dokta Umurerwa yote, nikiwa nimesimama. Ile "ndiyo," mimba, siku saba bila dawa. Nilitaka apige kelele. Yeye alivua miwani akaifuta kwa koti muda mrefu.

"Uwineza. Ulifanya makosa mawili. La kwanza tumeshalipita, mtoto yupo. La pili ndilo la hatari zaidi, na ulilifanya ukidhani unamlinda." Akanieleza polepole. Vile vidonge vya kwanza vina hatari, lakini si kwa kila mtoto. Wengi huzaliwa wazima. Homoni ikipanda bila kizuizi, hiyo ndiyo inayotoa mimba, inayochosha moyo wa mama. Kuna dawa nyingine, inaitwa PTU, ndiyo ya miezi mitatu ya mwanzo. Mimba ikivuka hapo tutaona upya. "Ungenipigia simu siku ileile, ningekubadilishia siku ileile. Ndiyo maana nilikupa namba yangu."

Nilisema asante, neno la kijinga.

Akanilaza kwa ekografi. Geli baridi. Kwenye kioo kitu kama punje ya haragwe, na ndani yake kitu kinapepesa. Akaniwekea sauti. Mbio, mbio, mbio.

"Mia na sitini na mbili," akasema.

Nikashtuka. "Nimemwambukiza ugonjwa?"

Ndipo alipocheka, mara ya kwanza tangu nimjue. Kwake yeye hiyo ni afya, akasema. Kwako wewe mia na thelathini ni ugonjwa. Kila mmoja na moyo wake.

Damu imeondoka kwenda Kigali. PTU haipo kwenye famasi ya hospitali, wameiagiza, labda wiki moja. Dokta anasema wiki moja ni nyingi. Amenipigia famasi tatu za Kamembe mbele yangu. Hakuna.

Na kabla sijatoka: "Siku ya kuja tena, uje na mume wako. Akiwa anajua kila kitu."

Ijumaa, 22 Machi

133.

Jana jioni nilimtumia yaya Nzigire, dada yangu wa Bukavu, picha ya karatasi ya dokta. Si dada wa tumbo moja. Tulikua kiwanja kimoja kule Kadutu, mama yake alinilea nilipofiwa na wangu. Leo saa nne simu: "Iko. Nimeipata Nyawera, kwenye famasi ya saba. Boksi mbili. Niko nakuja. Usitoke fasi yako."

Kutotoka mahali pangu ndiyo kazi niliyoshindwa. Kibanda changu kina hatua tano kwa nne. Nimezitembea mpaka wateja wakaniuliza kama kuna nyoka. Saa sita, hakuna. Saa nane, malori yamepangwa mpaka juu, mtandao wa vibali upande ule umekatika, watu wamekaa kwenye daraja. Simu yake haipatikani. Saa kumi nikaanza kufikiria mpaka unavyofungwa jioni, nikafikiria usiku na kesho, na lile haragwe linapepesa.

Saa kumi na moja na robo akatokea, viatu mkononi, kitenge kimechafuka pindo. Ofisa wa forodha alimzuia kuhusu boksi. Akamwonyesha karatasi kwenye simu, akamweleza shingo yangu, mimba zangu, umri wangu, mbele ya foleni nzima, mpaka yule baba akamwomba apite.

"Kunywa kimoya sasa, mbele yangu."

"Yaya, nipe kwanza maji."

"Maji njo haya. Kunywa."

Nikameza. Akanishika mashavu, akanigeuza huku na huku kama mimi ninavyowageuza wateja. "Bwana anajua?"

Nikaliweka boksi mkobani.

"Mudogo wangu, mi nimetembea leo juu ya mutoto. Haiko juu ya siri yako. Mwambie."

Akarudi haraka kabla mpaka haujafungwa. Hakukubali hata chai.

Jumamosi, 23 Machi

128.

Damascène amekuja na beseni. Beseni la bluu la kuogeshea mtoto. Wiki saba! Watu huku hununua vitu mimba ikishaonekana, sisi zaidi ya wote, tulishagawa nguo mara mbili. Amelibeba kutoka Bugarama juu ya pikipiki, amelikumbatia kifuani, na wapita njia wote wakimwona.

Nimemwambia. Nilianza mwisho nikarudi mwanzo. Boksi jipya, Nzigire, siku zile bila dawa, dokta, miezi sita, mfuko.

Alikuwa bado ameshika beseni.

"Ulijua kuanzia lini?"

"Tangu mwaka mpya."

"Basi mwezi wa pili ulijua. Siku ya mvua."

"Nilijua."

Aliliweka chini. Hakupandisha sauti, Damascène hajui kupandisha sauti. "Ungeniambia tungoje, ningengoja."

"Ndilo nililoogopa."

"Wewe ulichagua, Uwineza. Sawa. Mimi sikuchagua. Kama kitu kikimpata huyu mtoto, mi niliumiza muntu na sikujua. Umenitia mkono wangu ndani na mi nimefumba macho."

Sikuwa nimefikiria hivyo hata siku moja. Katika usingizi wote niliokosa, niligeuza kila upande na huo haukunijia. Niliomba msamaha. Akasema amesikia. Akatoka akaosha buti zake za mpira. Zilikuwa safi.

Jumapili, 24 Machi

Ameondoka alfajiri, kabla ya misa ya matawi. Chakula hakugusa. Soksi ziko zimekunjwa.

Jumatano, 27 Machi

119. Dawa nameza kwa saa zilizoandikwa, naweka alama kwenye kalenda. Simu yake inaita, haishikwi. Jioni ujumbe: "Umekula?" Nikajibu nimekula. Hakuna zaidi. Nimeusoma huo mmoja mara nyingi kuliko ulivyo na herufi.

Majibu ya damu: T4 imepanda sana zile siku nilizoacha. Dokta amesema tumeishika mapema, mkono wake ulikuwa kwenye bega langu. Amesema tutapima tena baada ya wiki tatu. Akauliza mume. Nikasema anajua. "Na yuko wapi?" Bugarama, nikasema. Akaandika hiyo pia, au alijifanya kuandika.

Jumapili, 31 Machi

108. Pasaka.

Hakuja. Ametuma neno kwa mama yake, si kwangu: ghala limejaa, mpunga umeloa, hawezi kuuacha. Védastine ameshuka tena, tumekwenda misani wawili. Njiani amesema mwanawe akikasirika hukaa kimya kama marehemu baba yake, kimya cha kufikiri, si cha kuondoka. Nikamwuliza anajuaje tofauti. Akasema hajui, anatumaini tu.

Mvua ilinyesha mchana kutwa. Beseni liko nje chini ya bati, limejaa maji. Sijui nilimwage au niliache.

Jumanne, 2 Aprili

Naandika kwenye benchi la hospitali, daftari juu ya goti.

Nimeamka na damu. Kidogo, rangi ya kahawia, halafu nyekundu kidogo. Tumbo linavuta chini upande wa kushoto. Nimempigia Dokta Umurerwa hapohapo, haikuwa hata saa kumi na mbili. "Njoo. Usitembee, panda gari. Dawa usiache." Nikameza nikiwa nimesimama mlangoni. Halafu nikamwandikia Damascène: Natoka damu. Naenda hospitali. Sikungoja jibu, na halikuja.

Mbele yangu kuna watu wanne. Ekografi ni moja. Dokta amepita mara moja, akaninyooshea kidole nikae, akaingia chumba cha kujifungulia ambako kuna mama ana hali mbaya kuliko yangu. Nimekaa. Saa ya tatu hii nimekaa. Miguu inataka kwenda na ninaibana kwa mkoba.

Najaribu kutofikiria lile haragwe. Nafikiria lile haragwe.

Mwanamke wa pembeni anauliza ni ya ngapi. Nikasema ya tatu. Akauliza wakubwa wana miaka mingapi. Nikasema hawapo. Akahamisha mkoba wake akauweka mapajani, hakuuliza tena, na baadaye akanipa nusu ya chapati yake.

Damascène amekuja.

Nimemwona kwa buti kwanza. Tope mpaka magotini, maganda ya mpunga kwenye nywele, koti la mvua linadondosha maji kwenye sakafu iliyokwisha pigwa deki. Amesimama katikati ya ukumbi akitafuta. Aliponiona hakukimbia. Akaja akakaa, si karibu, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

Tukakaa hivyo. Nikaendelea kuandika ili mikono iwe na kazi. Anaona naandika, hatazami.

Baadaye mama mmoja mwenye tumbo kubwa akaja na kadi yake, benchi limejaa. Damascène akasogea kumpisha, akasogea upande wangu. Koti lake limenilowesha bega.

"Umekunywa dawa leo?"

"Nimekunywa."

"Ile mpya?"

"Ile mpya."

Mtu akaitwa, si mimi.

"Hii damu, nani uliambia wa kwanza?"

Ningeweza kumpa jibu zuri. "Dokta," nikasema. "Wewe wa pili."

Akaitikia kwa kichwa, mara mbili, taratibu, kama anavyofanya anaposoma kifaa chake cha unyevu. "Sawa. Ni vile inatakiwa."

Halafu akaniuliza jambo ambalo hajawahi kuniuliza, shingo inauma? Nikasema haiumi, inakaba tu wakati mwingine. Akaiangalia. Si macho yangu, shingo. Akaiangalia muda mrefu, na mkono wake ukainuka kidogo kutoka gotini, ukarudi.

Mbele yangu watu wawili. Mtu mmoja.

Damu sijui kama imezidi. Naogopa kwenda kuangalia. Nimemwambia hivyo, naogopa. Amesema naye anaogopa, tangu Bugarama, na kwamba dereva wa pikipiki alimwomba mara tatu aache kumbana mbavu.

Mlango umefunguliwa. Dokta Umurerwa yuko ndani, anavaa glavu, uso wake umechoka, hausomeki. Muuguzi anaita jina langu. Anasema mgonjwa aingie peke yake, wengine wangoje nje. Damascène ameshasimama, kabla yangu, na buti zake zote za tope, na anamwambia: "Tunaingia wawili."